Karatasi ya Nne

Wasifu wa marehemu ulisomwa na Elinami, mwanawe wa kwanza, akiwa amesimama kando ya jeneza na karatasi ikimpepea mkononi. Alisoma vizuri, bila kulia. Marehemu alizaliwa, akabatizwa, akasoma, akaoa, akafundisha fizikia mpaka alipostaafu. Katikati hapo ikapita sentensi moja ambayo waombolezaji, waliokwisha kuchoshwa na jua na hotuba, sidhani kama waliisikia: "Alikwenda ng'ambo kwa masomo ya juu, lakini utafiti wake haukuzaa matunda, akarejea nyumbani." Mimi niliisikia. Nilikuwa nimekaa safu ya tatu chini ya turubai, mtandio umenishuka usoni, na nilitamani kusimama niseme kwamba si kweli. Sikusimama. Nimezoea kutosimama, nimefanya hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini, nikiwa mwanafunzi, nikiwa mwalimu, nikiwa mama wa watoto, na mtu akizoea jambo muda mrefu namna hiyo hata aibu yake huanza kuchoka. Jeneza likashushwa pale kati ya migomba, nikatupa udongo wangu kama wengine, nikaenda kunawa mikono.

Mwaka ninaousema ni wa mwanzo mwanzo wa miaka ya tisini, wakati neno ruksa, ile ruhusa ya kila mtu kufanya biashara yake, lilikuwa bado tamu mdomoni. Maduka ya mjini Arusha, ambayo sisi tuliyajua kwa rafu tupu na foleni ya sukari, yalikuwa yamejaa sabuni za kunukia na redio za kila aina. Mitumba ilimwagwa chini sokoni mpaka watu wakawa wanachagua kwa mguu. Kule Tengeru, nje ya mji, kwa marehemu, majirani zake waling'oa mibuni waliyoachiwa na baba zao wakapanda nyanya, kwa sababu kahawa ilikuwa hailipi tena. Kila mtu alikuwa safarini kwenda kuwa kitu kingine. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri nafasi ya chuo kikuu, na nilikuwa nimechoka kusubiri, ndipo marehemu, Mwalimu Kaaya, alipotuma salamu kwamba ananihitaji. Alinifundisha fizikia nikiwa kidato cha pili, kabla hajaenda ng'ambo. Alinikumbuka, alisema, kwa sababu ya daftari langu la mazoezi ya maabara: tarakimu zangu zilikuwa zimesimama wima, safi, hata mtu mwenye haraka asingekosea kuzisoma. Nilijivunia sifa ile kuliko ninavyoweza kueleza.

Alikuwa amerudi bila shahada. Alikaa kule miaka minne, na katika mwezi wake wa mwisho maabarani mwali wa leza, ule mwanga mkali mwembamba, ulidunda kwenye kioo kidogo kilichowekwa vibaya ukamwingia jicho la kulia. Jicho la kushoto lilikuwa dhaifu tangu utotoni. Ufadhili ukaisha, akapanda ndege, na ndani ya sanduku lake kulikuwa na bati la biskuti lenye karatasi nne ndefu zilizoviringishwa, zilizochorwa mistari na mashine. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya miaka minne. Profesa wake alimwandikia barua, naye siku ya kwanza aliniagiza nimsomee barua ile, mimi nimesimama, yeye amekaa: atayarishe jedwali la vipimo vyote kabla ya mwaka kwisha, na kama vipimo vitaonyesha kile wanachokitafuta, ataitwa tena kwa miaka miwili amalize. Kama havionyeshi, basi. Mwalimu alichukua barua, akaikunja, akasema, "Mistari siioni, Zainabu. Naona ukungu. Macho yako ndiyo macho yangu sasa." Nikasema sawa, Mwalimu. Nilikuwa na miaka ishirini na sikujua uzito wa kupewa macho ya mtu.

Nikahamia kwao Tengeru. Tulifanyia kazi sebuleni, juu ya meza ya chakula iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, chini ya kalenda ya kanisa. Nyumba ilinuka moshi na maziwa mgando. Asubuhi Mama Elinami, mkewe, aliandaa chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha. Mchana mara nyingi ilikuwa loshoro, mahindi na maziwa mgando katika bakuli moja zito, chakula ambacho mimi mtoto wa mjini nilikila wiki ya kwanza kwa adabu na wiki ya pili kwa uchu. Ulipoingia Ramadhani nikafunga peke yangu katika nyumba ile ya Kilutheri, na kila jioni kabla ya magharibi Mama Elinami alinipikia uji wa pilipili manga bila kuombwa, akamkaripia yeyote aliyetaka kuuonja. Sijui kama niliwahi kumshukuru ipasavyo. Elinami alikuwa na miaka sita, akipita chini ya meza na gari lake la maboksi, akigonga miguu yetu.

Kuhusu kazi yenyewe, niliogopa kuuliza mpaka Mwalimu aliponiuliza yeye. "Habari ya msiba ikifika nyumbani, ni nani wanaoanza kuhangaika?"

"Vijana, Mwalimu. Wanakimbia huku na huku."

"Na wazee?"

"Wamekaa. Bado wanauliza kumetokea nini."

"Basi kwa muda huo mfupi nyumba ni moja, ila halijoto ni mbili." Akapiga meza kwa kidole. "Ndani ya chuma elektroni ndio vijana. Wepesi, hawatulii. Atomu ni wazee, wamepangwa kwenye viti vyao, wanatikisika tu mahali pale pale. Ukikipiga chuma mweko wa leza, mweko mfupi kuliko kitu chochote unachokijua, elektroni ndizo zinazoupokea. Zinapata moto wa maelfu ya nyuzi, na atomu bado zina ubaridi wa chumbani. Halafu elektroni zinaanza kuwagonga wazee, zinawapa joto kidogo kidogo, mpaka wote wanalingana."

"Inachukua muda gani, Mwalimu?"

"Gawa sekunde mara milioni. Kipande kimoja kigawe tena mara milioni. Kama hapo." Akacheka. "Na mimi nimekaa miaka minne kukipima."

Alieleza walivyofanya. Walichukua utando wa dhahabu mwembamba mno uliopakwa juu ya kioo. Mweko wa kwanza uliupasha moto. Mweko wa pili, dhaifu, ulifuata nyuma kwa kuchelewa kidogo sana, ukaangalia jinsi dhahabu inavyorudisha mwanga. Kila walipobadilisha huko kuchelewa walipata alama mpya, na alama zote pamoja ndizo zilizokuwa mstari kwenye karatasi. Karatasi tatu za kwanza zilikuwa na mitikisiko mingi kiasi kwamba hakuna ambaye angeweza kuapa juu yake. Ya nne, ya utando mwembamba kuliko zote, ndiyo aliyoitegemea. Ilitoka kwenye mashine siku ile ile aliyoumia jicho. Kazi yangu ilikuwa kupima kila alama kwa rula, kuandika tarakimu kwenye daftari kubwa, na kupiga hesabu kwa kalkuleta ya kutumia mwanga niliyoinunua mjini. Onyo lilikuwa moja tu: "Usiziache juani." Nilidhani anahofia zitapauka.

Chumba nilicholala kilitenganishwa na chao kwa mbao, na alfajiri, kabla Mama Elinami hajaenda kukamua, niliwasikia. Sikutega sikio, mbao zenyewe ndizo zilizokuwa hazina siri. Asubuhi moja nilimsikia akisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusema jambo hilo mara nyingi, "Miaka minne, baba Elinami. Uliporudi mtoto alikuamkia akakuita mjomba." Mwalimu akajibu: "Ni miwili tu." "Ulisema miwili na mara ya kwanza." Nikajifunika blanketi. Nilikuwa upande wa Mwalimu, lazima niseme ukweli. Nilimwona mkewe kama mtu asiyejua thamani ya kilichomo ndani ya bati lile. Leo, baada ya kuishi na mume na kumsubiri, nakumbuka ile sauti yake na ninaona haya kwa jinsi nilivyomhukumu.

Jumamosi ile ilikuwa siku ya soko. Mwalimu alikuwa amekwenda shuleni kusimamia mtihani. Mama Elinami aliamka akapiga pasi nguo za kanisani za kesho yake, akaiacha pasi ya mkaa juu ya kipande cha bati pale barazani, makaa bado yamo, akajitwika ndizi zake akashuka sokoni na mtoto. Mimi nilibaki na karatasi ya nne. Nilikuwa nimeiahirisha ili niifanye vizuri. Tatizo la karatasi zile ni kwamba zilikaa zimeviringishwa miezi mingi, na ukiifungua inajirudi, unaibana na vitabu, inachomoka. Niliifungua nusu nikaona mstari wake: mwanzoni kabisa umechupa juu mara moja, ukashuka, kisha ukanyooka kwenda mbele. Ulikuwa mstari mzuri, hauna mitikisiko. Nikaweka rula, karatasi ikajirudi ikanipiga vidole. Nikachoka nayo.

Nyumbani kwetu cheti kilichojikunja kilipigwa pasi. Unaweka khanga juu, unapitisha pasi upesi, kinanyooka kama kipya. Vyeti vyangu vyote vilinyooshwa hivyo. Wala sikufikiri mara mbili. Nilitandika khanga yangu mezani, nikaweka karatasi, nikaikunjia khanga juu yake, nikaleta pasi, nikapitisha mara moja, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilipofunua, karatasi ilikuwa nyeusi. Haikuungua, haikutoa moshi, haikuwa na tundu hata moja. Ilikuwa nyeusi tu, tangu ncha hadi ncha, na mstari umemezwa humo ndani. Mashine ile haikutumia wino. Ilichora kwa joto, kwenye karatasi iliyotengenezwa kubadilika rangi ikipata joto, na mimi nimeipa joto yote kwa pamoja. Hayo niliyaelewa baadaye. Wakati ule nilisimama na pasi mkononi mpaka mkono ukauma.

Nilichofanya baada ya hapo nilikifanya kwa akili timamu. Niliiviringisha ile karatasi nyeusi nikaisukumiza nyuma ya rundo la kuni jikoni. Nikakaa mezani nikafungua daftari, nikaandika jedwali la karatasi ya nne kwa kukumbuka. Niliandika vizuri, tarakimu wima, alama mia na kitu. Ule mchupo wa mwanzo sikuuandika. Shuleni tulifundishwa kwamba alama ya kwanza ikiruka peke yake ni swichi iliyoshtuka, unaiacha, unachora mstari laini upite kwenye alama zilizobaki. Nilipata maksi nyingi sana kwa kuacha alama za namna hiyo. Tena, katika ujinga wangu, nilitegemea kwamba halijoto mbili zitaonekana kama mistari miwili, mmoja wa elektroni na mmoja wa atomu. Mstari ulikuwa mmoja. Kwa hiyo niliandika mstari mmoja unaopanda taratibu na kunyooka, nikajiambia kwamba sijadanganya sana.

Jioni nilimsomea. Alikaa ameegemea, macho amefumba, midomo ikihesabu pamoja nami. Mama Elinami alikuwa amerudi, amesimama mlangoni anachambua maharage kwenye ungo. Nilipofika alama ya kumi Mwalimu alifumbua macho. "Rudia mwanzo." Nikarudia. "Mwanzoni kabisa, hakuna kinachopanda juu kisha kikashuka? Kilele chembamba?"

Hapo ndipo nilipojua. Kilele kile ndicho kilichokuwa vijana wakikimbia huku na huku kabla ya wazee kupata habari. Na kushuka kwake ndiko kugawana joto. Ningeweza kusema. Sentensi ilikuwa fupi: Mwalimu, kilikuwepo, nimeiharibu karatasi. Lakini nilikuwa mwanafunzi wake mwenye daftari safi, na yeye ndiye aliyeahidi kuniandikia barua ya chuo kikuu, na zaidi ya hayo yote niliogopa uso wake. Nikasema, "Hakuna, Mwalimu."

"Niletee karatasi yenyewe."

Nikaenda kwenye bati nikamletea ya tatu. Aliifungua, akaisogeza dirishani, akaikaribisha kwenye jicho la kushoto mpaka ikagusa kope. Akapitisha kidole juu yake kana kwamba mstari ungeweza kupapaswa. "Siku ile nilikiona," alisema. "Kabla ya jicho kuanza kuuma, nilikiona kikitoka kwenye mashine. Au nilikitaka mno, nikadhani nimekiona." Akairudisha ikajikunja yenyewe. "Mtu anaweza kudanganywa na macho yake, Zainabu. Andika kama ulivyoona." Mama Elinami aliacha kuchambua. Nilimtazama, akaangalia ungo wake.

Barua ilipelekwa posta na jibu likaja baada ya miezi mitatu, la heshima, lenye masikitiko. Mwalimu alilisikiliza nikimsomea, akasema, "Basi," akaenda kuwaangalia ng'ombe. Mwaka ukaisha. Mimi nikaenda chuo kikuu kwa barua aliyoniandikia, barua inayonisifu kwa uaminifu katika vipimo. Baadaye wengine walikipima kilele kile katika nchi zao, kikaingia vitabuni, na nimekichora ubaoni mbele ya wanafunzi wangu nisiweze kuhesabu mara ngapi. Nilimtembelea Mwalimu kila mwaka. Hakulitaja tena jambo lile. Kila mara nilipanga kumwambia, na kila mara nilikuta wageni, au mvua, au amelala, au mimi ni mwoga.

Siku ya pili baada ya mazishi, wageni wengi walipokwisha kuondoka, Mama Elinami aliniita ndani. Alikuwa amekaa kwenye godoro pale pale sebuleni, miguu ameinyoosha, ile meza imesogezwa ukutani.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Funga mlango, kuna upepo. Nimekuona kaburini. Una jambo."

Nikamwambia lote. Pasi, karatasi, jedwali, kilele. Sikulia, nilikuwa nimechoka mno kulia. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika pindo la khanga yake.

"Nililikuta karatasi lako," alisema. "Jumamosi ile ile, niliporudi sokoni, nyuma ya kuni. Nikaona lina rangi ya mkaa, na pasi yangu nilikuwa nimeikuta imehamishwa. Nilijua papo hapo. Na jioni ulipomsomea nilijua kwamba lile ulilompa si lenyewe."

"Mama, ulijua?"

"Nilijua. Ningesema neno moja, angemwandikia mzungu wake kwamba limeharibika, labda wangemwambia njoo upime tena." Akalisokota pindo la khanga. "Nililitia motoni nikachemshia maji ya kuoga. Nilimtaka hapa, Zainabu. Nikawa naye miaka yote hii. Na kila alipokaa pale dirishani kimya, mimi nilijua anafikiri nini, nikapika chai."

Nilikuwa nimejiona peke yangu na jambo lile nusu ya maisha yangu, kumbe katika nyumba hii hii mwingine alilibeba upande wake, na katika ziara zangu zote tuliulizana habari za mvua na watoto. Sikujua nimwonee huruma au hasira. Nilimwonea vyote viwili.

"Hicho kilele," akaniuliza, "wewe ulikiona kwa macho yako?"

"Nilikiona, Mama. Kilikuwa wazi kabisa."

"Kwa hiyo hakudanganywa na macho yake."

"Hakudanganywa."

Ndipo alipolia, bila sauti, akijifuta kwa kiganja. Kisha akaingiza mkono chini ya mto akatoa ile karatasi ya wasifu, imekunjwa mara nne. Keshokutwa, alisema, kwenye ibada ya kuanua matanga, Elinami ataisoma tena mbele ya ukoo na shule. Akanipa na kalamu. Niliifungua juu ya goti nikaipata sentensi, nikaikata kwa mstari mmoja. Juu yake nikaandika, kwa herufi zilizosimama wima kama tarakimu zangu za zamani, kwamba utafiti wake ulifanikiwa, kwamba alichokiona kilikuwepo, na kwamba kilifichwa.

"Andika na walioficha," alisema Mama Elinami.

Nikaandika jina langu.

"Na langu."

Nikaandika na lake. Alinyoosha mkono akataka kuisoma mwenyewe, akaisogeza mbali na macho kama wazee wanavyofanya, midomo ikifuata maneno. Aliporidhika akanirudishia, akajiweka sawa khanga mabegani. Nikaenda kufungua mlango, nikamwita Elinami.